Mfupa Uunge Kwanza, Ndipo Tupatane

Mji wa Tanga umejaaliwa ardhi iliyo tambarare, hata mtu aweza kutoka Chumbageni akafika Mabawa, au akatoka Usagara, akaipita ile shule ambayo wazee wetu waliijua kwa jina la Karimjee, akaingia Ngamiani na kuzikata barabara zake za nambari moja baada ya moja, pasipo kushuka kuisukuma baiskeli yake. Na kwa fadhila hiyo ya ardhi baiskeli imekuwa kwetu chombo cha kila tabaka, cha mwalimu na mwanafunzi wake, cha muuza samaki atokaye Deep Sea alfajiri na tenga lake limefungwa kwa mpira juu ya keria, cha mama wa makamo aliyekwisha kujua namna ya kuukunja mtandio usije ukanaswa na mnyororo, na cha mzee aiwahiye sala ya alasiri. Barabara hizo hizo, hata hivyo, tunazitumia pamoja na daladala, bajaji, bodaboda na malori yaingiayo kutoka Segera na Horohoro, na kila mkazi wa mji huu amewahi kuusikia mshindo wa chuma, na baada yake sauti za watu wakikimbilia mahali pamoja.

Nataka kunena juu ya yale yafuatayo baada ya mshindo huo, wakati majeruhi amekwisha kuokotwa na kufikishwa hospitali ya Bombo, na hasa juu ya desturi moja ambayo naiona inawadhulumu watu wengi kwa jina la wema. Desturi hiyo ni ya kumalizana.

Huanza hivi. Siku chache baada ya ajali, aghalabu kabla ya majuma mawili kwisha, hodi hupigwa nyumbani kwa majeruhi baada ya sala ya isha. Huingia wazee wa upande wa dereva, nao wamekuja kwa adabu zote: wamevaa kanzu, wamebeba machungwa na maji ya matunda, wamemjulia hali mgonjwa na kumwombea dua kabla ya kutaja jambo jingine lolote. Mkeka hutandikwa, mjumbe wa mtaa huitwa awe shahidi, na mzee mmoja mwenye kauli laini hufungua maneno: “Ndugu zetu, hili limeandikwa na Mungu, wala kijana wetu hakukusudia. Naye ana watoto wanaomtegemea. Tusipotezeane siku polisi na mahakamani. Tumalizane wenyewe kwa wenyewe.” Hapo hutolewa bahasha yenye fedha za eksirei, za dawa na za kutengenezea baiskeli iliyopondeka, pamoja na karatasi iliyoandikwa kwa mkono kwamba majeruhi ameridhika, wala hana tena dai lolote juu ya ajali ile, sasa wala baadaye. Majeruhi amelala, mguu wake umeinuliwa juu ya mito miwili, homa haijamtoka vyema, na mkewe nyuma ya pazia anaufikiri unga wa kesho. Kalamu huwekwa mkononi mwake, naye hutia sahihi.

Sisemi kwamba wazee hao ni watu wabaya. Sulhu ni jambo lenye heshima kuu katika dini zetu na mila zetu, na mji usiojua kupatana ni mji wa kuhamwa. Lakini sulhu ina sharti lake, nalo ni kwamba kila upande ujue kile unachokiacha. Na mtu aliyevunjika paja juma lililopita hajui, wala mkewe hajui, wala mjumbe hajui, na hata daktari hajui bado, ni kitu gani hasa alichopoteza. Patano la namna hiyo lina sura ya hiari, na ndani yake hamna hiari, kwa maana mtu hawezi kusamehe kiasi asichokijua.

Mfupa wa paja la mtu mzima, mambo yakienda vizuri, hutaka miezi mitatu, minne au zaidi kuunga sawasawa. Kwa njia ya zamani, mgonjwa hupitishwa msumari katika mfupa chini ya goti, kamba ikafungwa hapo na mawe ya uzito yakaning'inizwa miguuni mwa kitanda yauvute mguu usifupike, naye hukaa hivyo majuma mengi akitazama dari, akioshwa na kulishwa papo hapo. Kwa njia ya pili hupasuliwa na kutiwa chuma ndani ya uvungu wa mfupa. Na chuma kimoja cha aina hiyo, cha taasisi ya SIGN iliyoanzishwa mwaka 1999 na daktari wa Kimarekani, Lewis Zirkle, kimewafaa wengi katika nchi yetu, kwa kuwa daktari aweza kukitia pasipo mtambo wa kupiga picha wakati wa upasuaji, na Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili ni miongoni mwa mahali kilikotumika. Aliyetiwa chuma huinuka kitandani mapema kuliko mwenziwe. Lakini kwa njia yoyote iwayo, mfupa ukiisha kushika ndipo kazi nyingine huanza, nayo ndiyo isiyotajwa katika karatasi ya mkekani.

Nimemwona jirani yangu mmoja, muuza mikate kwa baiskeli, ambaye naye aligongwa na akatia sahihi karatasi ya namna hiyo, katika kazi hiyo. Aliketi ukingoni mwa kitanda cha kamba, taulo limekunjwa chini ya paja, shemeji yake amemshika kifundo cha mguu, naye akajaribu kulikunja goti lililokaa limenyooka majuma kwa majuma. Likakunjika kidogo, likagoma, akavuta pumzi, akajaribu tena, jasho likimtiririka mpaka kidevuni. Paja lilikuwa limekonda hata mguu mmoja wa suruali ukaonekana mpana kuliko wa pili. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuwa amemwagiza afanye hivyo kila siku, asubuhi na jioni, na arudi hospitalini kila mara atazamwe. Na kila kurudi kulikuwa na nauli yake, kwa kuwa mtu wa magongo hawezi kuning'inia katika mlango wa daladala. Jamaa waliokuja kumwona walimsihi apumzike, asijitese, nao walisema hivyo kwa mapenzi, lakini ni shauri la hatari, maana goti lisilokunjwa huganda, na goti lililoganda halizungushi pedeli wala halichuchumai wala halisujudu. Fedha za bahasha zilikwisha zamani, kabla hajayaacha magongo. Wateja wake wa mikate walikuwa wamekwisha kupata muuzaji mwingine.

Baiskeli yake ilipelekwa kwa fundi. Nilikuwapo. Fundi hakuanza kwa kutaja bei. Alifunga uzi nyuma, pale ekseli ya gurudumu inapokaa, akauzungusha mbele penye shingo ya usukani, akaurudisha nyuma kwa upande wa pili, kisha akapima kwa kijiti nafasi iliyopo baina ya uzi na bomba la kiti, kulia na kushoto. Nafasi hazikulingana. Akasema kwamba fremu imepinda, na kwamba hawezi kufunga rimu mpya juu ya fremu iliyopinda, kwa kuwa atakuwa amekula fedha za mtu bure. Kwanza fremu inyooshwe, ikikubali, ndipo wazungumze bei. Nilimstahi sana kwa neno hilo. Chuma cha baiskeli kilipimwa kabla ya kutiwa bei, na mguu wa mwenye baiskeli ulikuwa umekwisha kutiwa bei kabla ya kupimwa.

Kuna na madhara mengine ambayo hata daktari hayaoni mara moja. Mtu aliyeangukia kichwa aweza kuruhusiwa kwenda nyumbani akiwa anasema na kucheka, kisha mkewe akaja kutambua baada ya mwezi kwamba usingizi umemkimbia, kichwa kinamgonga kila jioni, anasahau alichotumwa dukani, na hasira imemkaa karibu kuliko zamani. Mwingine mifupa yake yote imepona, lakini akisikia honi nyuma yake mikono humtetemeka, akashuka na kuikokota baiskeli pembezoni mpaka gari lipite. Jirani yangu alirudi kupanda kidogo kidogo, jioni, katika vichochoro visivyo na magari, kijana wake akimfuata kwa miguu. Na ilimchukua muda mrefu zaidi kuirudia barabara kuu kuliko kuyaacha magongo. Mambo haya ni sehemu ya jeraha, na yana haki ya kuhesabiwa ndani ya jeraha.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu milioni 1.19 walikufa katika ajali za barabarani mwaka 2021, na kwamba wanaojeruhiwa pasipo kufa kila mwaka ni baina ya milioni 20 na milioni 50. Wafao hutangazwa redioni, wakazikwa na kuombolezwa. Hawa mamilioni wengine hurudi nyumbani, na habari yao hukoma mlangoni.

Wala mtu asidhani kwamba mwendo huu wa polepole ni wa maskini tu, au ni wa hospitali zetu tu. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyelelewa katika mchezo wa baiskeli na David Kinjah, na aliyekuja kushinda Tour de France mara 4, aligonga ukuta huko Ufaransa mwezi wa Juni 2019 akavunjika paja, kiwiko na mbavu. Naye, pamoja na matabibu wote aliokuwa nao na mwili uliozoezwa tangu utotoni, hakurudi mashindanoni ila Februari 2020, wala hakuzipata tena nguvu zake za kwanza. Kama wazee wangaliketi naye mkekani katika juma la pili, ni nani kati yao angaliweza kusema ameathirika kiasi gani?

Na hukumu ninayoitetea si ngeni kwa watu wa pwani waliokaa vyuoni. Katika Bulugh al-Maram, kitabu cha Ibn Hajar al-Asqalani kijulikanacho sana katika madarasa yetu, imo habari iliyopokewa na Ahmad na ad-Daraqutni, ya mtu aliyechomwa kwa pembe katika goti lake, akaenda kwa Mtume (S.A.W.) kutaka kisasi. Akaambiwa angoje mpaka apone. Hakuweza kungoja, akarudi kudai, akapewa haki yake. Kisha akaja tena kusema kwamba sasa amekuwa kiguru, na hapo hakuwa tena na dai, kwa sababu alikwisha kulichukua kabla ya wakati wake. Na baada ya hapo ikakatazwa jeraha kulipiziwa kisasi kabla ya mwenye nalo kupona. Wanavyuoni wamejadili sanadi ya habari hii, lakini wengi wao wameishika hukumu yake. Jeraha lile lilikuwa la goti, na aliyeathirika ni mtu aliyeharakisha haki yake mwenyewe. Sisi tunawaharakishia watu haki zao wakiwa wamelala, tena tunasema kwamba walioharakishwa wameridhika.

Hata magari yalipoanza, jambo hili lilifahamika mapema. Ajali ya gari itajwayo kuwa ya kwanza katika Marekani ilitokea mjini New York tarehe 30 Mei 1896, nayo ilikuwa ya gari la Duryea lililomgonga mpanda baiskeli na kumvunja mguu. Na dereva akalazwa mahabusu usiku ule, ikingojwa ijulikane ukubwa wa jeraha. Gari lilikuwa kitu kipya kabisa machoni pa watu, lakini walijua kwamba jeraha hutangulia na hukumu hufuata.

Sasa na tuitazame sheria ya nchi yetu, maana wengi humalizana kwa kutoijua. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, humlazimisha kila mwenye chombo cha moto kitumiacho barabara kuwa na bima ya kumkinga mtu wa tatu, ile tuiitayo bima ndogo, na bodaboda na bajaji zimo. Insafu ya sheria hiyo ni kubwa: mtu akiumizwa, mzigo usimwangukie dereva maskini peke yake, wala majeruhi maskini peke yake, bali uchukuliwe na mfuko ambao wenye magari wote wameuchangia. Kwa hiyo dereva wa daladala, ambaye kila jioni sharti apeleke hesabu kwa tajiri wake, anapokwenda kukopa kwa jamaa ili aijaze bahasha, analipa kwa jasho lake kile ambacho bima imekwisha kulipiwa; na karatasi aliyoitia sahihi majeruhi huja kuwa hoja ya kumkatalia fidia siku atakapokumbuka kuidai. Wote wawili wamepunjika, na kampuni iliyopokea ada imesalimika.

Fauka ya hayo, sheria ya ukomo wa madai humpa majeruhi muda wa miaka 3 kufungua shauri la madhara aliyotendewa. Miaka mitatu ni muda wa kutosha kwa mfupa kuunga, kwa goti kukunjika au kukataa kukunjika, na kwa daktari kuandika kwa yakini ni ulemavu gani uliobaki. Ni nini basi kinachotusukuma kumaliza katika siku kumi na tano? Na lile kosa la uendeshaji wa hatari, ambalo limo katika Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, ni shauri la Jamhuri. Halimalizwi na wazee wala halifutwi na machungwa. Polisi wakipewa habari mapema, trafiki akaichora ramani ya ajali, na ile fomu ya polisi iitwayo PF3 ikajazwa na daktari, majeruhi atakuwa na ushahidi mkononi hata akitaka kupatana baadaye kwa wema. Asipokuwa nao, atakuwa na kovu tu.

Najua nitakavyojibiwa, wala sidharau majibu hayo, maana yametoka kwa watu walioonja. Nitaambiwa kwamba mahakama ina njia ndefu, kwamba kampuni za bima huwazungusha watu kwa njoo kesho, kwamba wakili anataka fedha, na kwamba mtoto analia njaa leo, si mwaka ujao. Yote hayo ni kweli, na hilo la mwisho ndilo zito kupita yote. Lakini njaa ya leo ina dawa yake isiyohitaji mtu kuuza haki ya mwaka ujao. Wazee wa upande wa dereva na waje, tena waje mapema, na watoe kwa ukarimu: fedha za eksirei, za nauli ya kwenda mazoezini, za unga na mafuta ya taa, na iandikwe wazi mbele ya mashahidi kwamba hayo ni masurufu ya uguzi, na kwamba mlango wa fidia ungali wazi. Hilo ni jamala, na ni jamala iliyo safi kuliko ile ya kwanza, kwa sababu haitaki kitu badala yake. Patano lenyewe lingojee cheti cha mwisho cha daktari. Likifika wakati wake, wakaketi watu wawili wanaojua, mmoja alichopoteza na mwingine anachodaiwa, nami nitakuwa wa kwanza kuisifu sulhu yao.

Wala majeruhi hayuko peke yake katika njia hiyo ndefu. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, ambao kazi yao ni kumshika mkono mtu asiyeweza kumlipa wakili. Sheria ya Bima ya mwaka 2009 imeweka Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ili mwananchi azungushwaye na kampuni apate pa kulalamika kabla ya kufika mahakamani. Na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima imeweka utaratibu wa kuhakiki kwa nambari ya gari kama lina bima au halina, jambo ambalo kijana yeyote mwenye simu aweza kulifanya pale pale barabarani. Basi atakayefika wa kwanza katika ajali, akiisha kumtazama majeruhi na kumwitia msaada, na aiandike nambari ya gari. Ni msaada mkubwa kuliko kusimama na kupiga picha za damu.

Kwa madaktari na wauguzi nina ombi moja, kwamba mgonjwa asiruhusiwe kwenda nyumbani pasipo kuambiwa, yeye na yule atakayemuuguza, kwa lugha iliyo wazi, uponaji wake utachukua muda gani, mazoezi yake ni yapi, na dalili zipi za kichwa zimrudishe hospitalini mara moja. Mtu aliyeambiwa kwamba kazi iliyo mbele yake ni ya miezi mingi hatayauza madai yake kwa fedha za majuma mawili.

Ombi langu la pili, nalo ndilo kubwa, nalielekeza kwa wenyeviti wa mitaa wa Usagara, Ngamiani, Makorora, Msambweni na mitaa yote ya mji huu, ambao mihuri yao ndiyo inayozipa karatasi hizi nguvu. Akija kwenu mtu yeyote na hati ya kumalizana juu ya ajali ya barabarani, mwulizeni kwanza cheti cha daktari kinachosema kwamba matibabu yamekwisha na hali iliyobaki ni hii. Asipokuwa nacho, msigonge mhuri.